Kidole na saini

Jumamosi moja umeme ulikatika Sinza, na mimi nikiwa kibarazani sina la kufanya, nikaamua kufanya jambo ambalo nimekuwa nikiwahimiza wengine tu. Nilibonyeza *106# ili nione ni laini ngapi za simu zimesajiliwa kwa jina langu, nikaingiza namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, tarakimu zote 20, nikasubiri. Meseji ikaja. Laini mbili nazijua, ni zangu. Ya tatu siijui. Iko hai, na imesajiliwa kwa majina yangu yote matatu, likiwamo lile la ubatizo ambalo hata mke wangu halitumii. Juu ya yote, imesajiliwa kwa kidole changu mwenyewe.

Kitambulisho changu hakijawahi kupotea. Nilifanya tu kile ambacho nusu ya jiji hili imefanya: nilisimama kando ya barabara mbele ya kijana mwenye mwavuli na kifaa kidogo cha kusomea vidole, akaniambia, "Hakijasoma mzee, weka tena." Nikaweka. "Futa jasho kwanza. Haya, weka tena." Nikaweka mara ya tatu, na nikamshukuru kwa uvumilivu wake. Kidole cha kwanza kilikuwa kimesoma vizuri tu. Katika viwili vilivyofuata, kimojawapo kilikwenda kwa mtu ambaye mpaka leo simjui, na ambaye kwenye kumbukumbu za kampuni yeye ni mimi.

Kwenye laini za namna hii ndiko zinakotokea zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Tumezizoea kiasi cha kuzifanyia utani, na taarifa za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zinazotaja Rukwa na Morogoro kama vinara wa utapeli wa simu tunazisoma kama msimamo wa ligi. Lakini mimi sasa nina sababu ya kutocheka. Siku mpelelezi atakapoifuatilia hiyo laini ya tatu, nyayo zitamleta hapa hapa kibarazani, na atakuwa na karatasi inayosema kwamba mwenye kidole ni mimi.

Usajili wa vidole wenyewe hatukuukataa. Wengi mnaikumbuka ile Januari ya 2020. Mwisho ulikuwa Desemba 31, 2019, Rais Magufuli akaongeza siku 20, na foleni za ofisi za NIDA zikawa zinaanza kabla ya adhana ya alfajiri. Kabla ya hapo, Juni 2016 simu feki zilizimwa kwa kufuata IMEI zake, yaani namba ya utambulisho ya kila kifaa. Mwaka 2013 ulifungwa mtambo wa TTMS wa kuhesabu miito ili Serikali isipunjwe mapato. Mwaka 2010 sheria ilikuwa imeshalazimisha kila laini isajiliwe. Kila hatua ilikuja na sababu yake, na sababu zilikuwa nzuri. Karibu zote niliziunga mkono kwa maandishi, nisijifanye leo kwamba niliona mbali.

Kitu ambacho hatukukiuliza katika miaka yote hiyo ni kimoja: mlundikano huu wa taarifa unafunguliwa kwa saini ya nani?

Badala yake tumeganda kwenye swali la nani anasikiliza. Kaa kijiwe chochote cha kahawa kuanzia Magomeni mpaka Mtongani, mazungumzo yakigusa siasa atatokea mtu wa kusema "haya mambo si ya kwenye simu". Wapo wanaoacha simu chumba cha pili wakitaka kunong'ona. Wapo wanaokwambia kwamba ukisikia mkwaruzo kwenye simu ujue kuna mtu wa Usalama kajiunga. Nadhani tunafikiri hivi kwa sababu tumelelewa na balozi wa nyumba kumi. Tulizoea kwamba anayekuchunguza ni mtu, ana jina, anakaa nyumba ya nne kutoka kwako, anajua mgeni gani kalala kwako na kaja na mzigo gani. Mjumbe yule tumemhamishia ndani ya simu, tukamvisha vipokea sauti masikioni.

Kusikiliza ni kazi ngumu. Kunataka watu, kunataka muda, kunataka anayejua Kisukuma na Kichaga na lugha ya vijana wa Manzese. Mazungumzo mengi ni ya kuulizana bei ya mchele. Hakuna ofisi duniani yenye masikio ya kutosha.

Orodha ndiyo rahisi. Kila unapopiga au kupigiwa, kampuni ya simu inaandika namba zote mbili, saa, urefu wa mazungumzo, IMEI ya kifaa na mnara ulioshika. Inaandika kwa sababu bila hivyo haiwezi kukutoza. Maneno hayamo humo. Sasa nikuchoree mtu wa kubuni, uone maneno yanavyoweza kukosekana na siri ikatoka.

Jumatatu saa tatu asubuhi simu yake imeshika mnara wa Ocean Road, kwenye hospitali ya saratani, na imekaa hapo saa nne. Saa saba inapiga namba ya mapokezi ya hospitali ile ile, dakika mbili. Hapigi nyumbani. Usiku saa tano anampigia kaka yake Moshi, dakika 52, wakati kwa kawaida huongea naye dakika tatu siku ya sikukuu. Jumatano anapiga namba ambayo ukiitafuta ni ya dalali wa viwanja Chanika. Ijumaa anampigia wakili. Mkewe, ambaye humpigia kila siku saa sita kumuuliza kama kala, wiki nzima anapokewa kwa sekunde 20.

Hakuna aliyesikiliza chochote, na bado wewe msomaji umeshamjua mtu huyo kuliko anavyomjua mkewe. Umejua anaumwa nini, amemwambia nani, anauza nini ili atibiwe, na nani anafichwa. WhatsApp nayo, ambayo tangu 2016 inasimba ujumbe kiasi kwamba hata wenye programu hawausomi, haifichi kwamba wewe na fulani huwasiliana usiku wa manane. Usimbaji unafunga barua. Bahasha iko wazi.

Mwaka 2014 Vodafone, mmiliki mkubwa wa Vodacom, ilitoa ripoti ya maombi iliyopokea kutoka kwa vyombo vya dola katika nchi inakofanya kazi. Kwa Tanzania, kwa kipindi cha mwaka mmoja, maombi ya kupewa taarifa za mawasiliano yalikuwa 98,765. Ni namba inayoonekana kama imebuniwa na mtoto, tarakimu zinashuka ngazi moja moja, lakini ndiyo iliyochapishwa. Na kuhusu kusikiliza mazungumzo yenyewe, ripoti hiyo hiyo ilisema kampuni ilikuwa haijafunga mitambo ya kuwezesha jambo hilo hapa nchini.

Gawanya mwenyewe: ni maombi 270 kwa siku, Jumapili na Idd zikiwemo, kwa kampuni moja tu, na hiyo ni kabla ya Sheria ya Makosa ya Mtandao. Mengi yake naamini yalikuwa ya haki kabisa: simu zilizoibwa, watoto waliopotea, majambazi. Sina ugomvi na mpelelezi anayemtafuta mwizi wa pikipiki. Ninachouliza ni nani, katika siku yenye maombi 270, alipata nafasi ya kusoma moja na kusema hili hapana.

Turudi kwenye saini basi. Katiba, Ibara ya 16, inasema kila mtu anastahili hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi na mawasiliano yake ya binafsi, kisha inairuhusu mamlaka ya nchi kuweka utaratibu wa sheria wa namna haki hiyo inavyoweza kuingiliwa. Nenda sasa kwenye Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002. Polisi akitaka kunasa mawasiliano ya mtu anayeshukiwa kwa ugaidi, anatakiwa apate kwanza idhini ya maandishi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, halafu aende mahakamani kuomba amri. Ni milango miwili, na wote wawili ni mizito.

Halafu fungua Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 32. Data zikihitajika kwa upelelezi wa jinai, mkuu wa kituo cha polisi, yaani OCS, au ofisa mwenye cheo kinacholingana na chake, anaweza kumwamuru yeyote aliye nazo azitoe. Kifungu cha 31 kinampa bwana huyo huyo uwezo wa kuamuru upekuzi na kukamata vifaa vyako. Hakimu anatajwa baadaye, pale njia hiyo inaposhindikana.

Utasema hizo ni sheria mbili kwa mambo mawili, moja ni ya kunasa maneno na nyingine ya kuchukua data zilizokwisha kuhifadhiwa. Ni kweli, na ndiyo hoja yangu. Waliotunga walidhani kilicho nyeti ni sauti, wakaiwekea milango miwili. Orodha wakaiacha kwenye meza ya OCS, pamoja na kitabu cha matukio na birika la chai. Nawaheshimu ma-OCS, kazi yao naijua. Lakini OCS anataka kesi iende, anabanwa na mkubwa wake, na anayeomba saini ni kijana wake mwenyewe. Utamwombaje mtu mmoja awe mchezaji na refa?

Kuna aliyejaribu kuukataa utaratibu huu na matokeo yake yako kwenye kumbukumbu. Maxence Melo wa JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, alikamatwa Desemba 2016, pamoja na mambo mengine kwa kutotoa taarifa za watumiaji waliokuwa wakiandika bila majina yao. Kampuni yake ilikuwa imekwenda Mahakama Kuu kupinga kifungu cha 32, haikufua dafu. Kesi za mahakama ya Kisutu zikaenda miaka kwa miaka, na Aprili 2020 katika mojawapo akatiwa hatiani: faini shilingi milioni 3 au jela mwaka mmoja. Waandishi tuliokuwa tukihudhuria tulikuwa tunajua kwamba pale kizimbani anashitakiwa mtu mmoja, ila wanaotafutwa ni wengine ambao hawakuwemo ukumbini.

Kisha kuna hili ambalo hatujalizungumza inavyostahili. Septemba 2024 gazeti la The Guardian la Uingereza liliripoti yaliyoibuka katika shauri la kazi jijini London. Mpelelezi wa zamani wa Millicom, kampuni iliyokuwa mama wa Tigo, alidai aliachishwa kazi baada ya kuhoji jambo moja: kwamba katika wiki zilizotangulia Septemba 7, 2017, Tigo ilikuwa ikiipa mamlaka ya Tanzania taarifa za simu za mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu, pamoja na mahali alipo, mchana na usiku. Septemba 7, 2017 ndiyo siku Lissu alipomiminiwa risasi nyumbani kwake Dodoma. Millicom ilipinga madai ya kumwonea mfanyakazi huyo, na Tigo ilishauzwa tangu 2022, siku hizi inaitwa Yas.

Sisemi kwamba aliyeomba taarifa ndiye aliyefyatua risasi. Sijui, na hakuna aliyefikishwa mahakamani tukasikia ushahidi. Nasema kwamba kama maombi yale yangekuwa na jina na saini ya hakimu, leo tungekuwa na karatasi ya kuanzia. Mtu angeulizwa: uliomba kwa kosa gani, kesi namba ngapi? Sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa ya 1996, kwa taarifa yako, inakataza kumchunguza mtu kwa sababu tu ya kupinga au kukosoa kwa njia halali. Maneno mazuri hayo yamo kwenye kitabu tangu enzi za Mkapa. Kinachokosekana ni mtu wa nje ya idara mwenye kuulizia kama yanafuatwa.

Hapa huwa nakutana na jibu la "mimi sina cha kuficha, sina siasa". Nalielewa. Lakini mlango ukishatobolewa, anayepita hachaguliwi na fundi aliyeutoboa. Waugiriki wanalijua hilo: mwaka 2004 na 2005 simu zaidi ya 100 za Vodafone ya Ugiriki, ikiwemo ya Waziri Mkuu Karamanlis, zilinaswa na watu waliopenyeza programu ikawasha kipengele cha kunasia simu kilichokuwa tayari ndani ya mitambo, kipengele kilichotengenezwa kwa ajili ya polisi. Marekani nayo tangu 1994 ina sheria inayozitaka kampuni za simu ziwe na njia ya kuwawezesha polisi kunasa mawasiliano. Mwaka 2024 ikagundulika kwamba wadukuzi wanaohusishwa na China, waliopewa jina la Salt Typhoon, wamo ndani ya mitandao ya kampuni kubwa kama AT&T na Verizon, na wamefika mpaka kwenye mifumo hiyo hiyo ya polisi. Desemba mwaka huo maofisa wa Serikali, wale wale ambao kwa miaka walikuwa wakilalamika kwamba usimbaji unawakwamisha, wakawaambia raia watumie programu zenye usimbaji.

Kama imewapata wao na mabilioni yao, sisi tunaoacha nakala za NIDA kwenye kompyuta ya steshenari tutapona kwa lipi? Mwezi uliopita nilikwenda kuprinti kitambulisho changu karibu na kituo cha Mwenge. Unamtumia binti WhatsApp, anafungua kwenye kompyuta, anaprinti, shilingi 500. Nikaangalia kioo cha kompyuta yake: faili linaitwa "NIDA wateja", na ndani nyuso kama abiria wa mwendokasi saa kumi na moja jioni. Nikamwomba afute yangu. Akaifuta kwa upole, kisha akanitazama kama mtu aliyeomba arudishiwe senti. Na hapo sijagusa zile programu za mikopo zinazosoma majina yote kwenye simu yako ili ukichelewa kulipa wamwambie mama mkwe; Benki Kuu ilipiga marufuku 69 mwaka 2024, nyingine zikazaliwa upya kwa majina mapya.

Jambo moja linanirudisha Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa. Mengi yamesemwa kuhusu hasara za biashara na haki ya habari, siyarudii. Mimi nakumbuka tulivyorudi kwenye kupiga simu za kawaida na meseji za kawaida, jiji zima, tukiwa na hofu, tukiulizana nani yuko wapi na nani hajaonekana. Yaani katika siku ambazo watu walikuwa na siri kubwa kuliko wakati wowote, walisukumwa kwenye njia isiyosimbwa na inayoandika kila kitu. Sidhani kama ilipangwa kwa nia hiyo. Lakini orodha za siku zile zipo mahali, na kifungu cha 32 kipo.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake iliyozinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Ni hatua, siibezi. Tume inawafuata wenye shule, hoteli na hospitali wajisajili, sawa kabisa. Ila masuala ya usalama wa taifa na upelelezi wa jinai sheria imeyawekea misamaha, kwa hiyo mwenye steshenari ana bosi wa kumuuliza na OCS hana.

Ninachokitaka si kikubwa. Saini ihamie kwa hakimu. Polisi watasema itachelewesha, na mtoto aliyetekwa hasubiri kikao. Basi awepo hakimu wa zamu, kama alivyo daktari wa zamu, apigiwe hata saa nane usiku. Na pale ambapo roho ya mtu iko hatarini, data zichukuliwe kwanza na hakimu aelezwe ndani ya saa 24. Kampuni zichapishe kila mwaka zimeombwa mara ngapi na zimekataa mara ngapi, kama Vodafone ilivyofanya bila mbingu kuanguka. Na mtu ambaye orodha yake ilichukuliwa, kesi isifunguliwe, aje aambiwe, hata kama ni baada ya mwaka. Bungeni hoja kama hii haina mashabiki, maana haina barabara wala kisima cha kuzindua.

Jumatatu yake nilikwenda dukani kwa kampuni yenye ile laini ya tatu, nikafutiwe. Nilichukua namba ya foleni, nikakaa chini ya kiyoyozi karibu saa moja na nusu. Nilipofika dirishani nikamweleza dada wa huduma kwa wateja. Alikuwa mwema, akasikitika hasa, akasema kesi kama yangu anazipata kila siku. Namba hiyo anaiona, iko hewani, jana tu imepokea pesa. Hawezi kuniambia kutoka kwa nani kwa sababu ya faragha ya mteja.

"Lakini mteja ni mimi," nikasema.

"Ndiyo baba, kwenye mfumo ni wewe. Kuifuta tunaifuta sasa hivi." Akanisogezea kifaa kidogo chenye taa nyekundu. "Weka kidole."

Nikaweka. Akaangalia kompyuta yake, akakunja uso.

"Hakijasoma. Weka tena."